Ndevu za Bosi

Shemeji yangu ni kinyozi, na kwa kuwa kamuoa dada yangu mkubwa, nina ruhusa ya kumsema nitakavyo. Basi nianze na kasoro zake. Ana maringo: koti lake la kazi hulipiga pasi kila asubuhi, ingawa kichwa cha kwanza tu kikishanyolewa linajaa nywele hadi mifukoni. Hawezi kukaa penye watu bila kukagua visogo vya waliokaa mbele yake na kuninong'oneza, "Huyu nani kamharibu hivi?" Tena ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kwanza ahakikishe, kisha atarudi amelowa na kusema ni manyunyu tu.

Sifa yake ni mkono. Wateja wanamwita Pamba, kifupi cha Mkono wa Pamba, na jina hilo hakujibandika mwenyewe. Akinyoa ndevu, mtu husinzia kitini. Nimemwona kwa macho yangu dereva wa lori, pande la mtu, akikoroma huku wembe unapita chini ya kidevu chake, na alipoamshwa akauliza kama wameshafika. Duka lenyewe ni chumba kimoja kando ya barabara, chenye kiti cha kunyolea kinachopanda kwa kukanyagwa, benchi la kusubiria, na kioo kirefu kilichopasuka kona. Baada ya wembe huja taulo la maji ya moto. Baada ya taulo ilikuwa ikija krimu, nayo shemeji aliipaka kwa kiganja kitupu, polepole, kuanzia shingoni kwenda juu.

"Glavu ni za mchinjaji na mkunga," alizoea kusema. "Uso wa mtu unashikwa kwa mkono."

Krimu hiyo ndiyo iliyomjazia benchi. Wanaume wengi wakinyolewa kwa wembe hutoka vipele shingoni, vinawasha, kisha vinaacha madoa meusi. Krimu ilikausha vipele na kufuta madoa kwa muda mfupi sana, mpaka shingo ikang'aa. Aliletewa na mchuuzi mmoja aliyekuwa akipita na mkoba mweusi begani. Kopo lake lilikuwa dogo, lina kifuniko chekundu, na maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo mtaani kwetu hakuna aliyeijua. Hakuna aliyeuliza imetengenezwa kwa kitu gani. Ilifanya kazi, ikatosha.

Nyumbani tulikuwa watu wanne katika vyumba viwili na kibaraza: shemeji, dada, mtoto wao, na mimi niliyekuja kukaa kwa muda mfupi na mpaka leo muda mfupi haujaisha. Kibarazani nina cherehani yangu, nashona foronya na mapazia. Kila jioni shemeji alirudi na mfuko wa mataulo ya dukani, na dada aliyafua mwisho wa wiki katika beseni lile lile la nguo zetu. Mfuko ukisubiri kufuliwa ulikaa chumbani, pembeni ya kitanda cha mtoto. Mtoto aliufanya mto wake wa kulalia akichora, maana ulikuwa laini.

Mtoto huyo ni wa kike, ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, na tunamwita Bosi. Alianza kutoa amri kabla hajajua kusema sentensi nzima. Amri yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya jioni. Baba yake akigusa tu mlango, Bosi alikuwa keshapanda kigoda mbele ya kioo cha chumbani, taulo la dukani shingoni, uso ameukunja kama mteja aliyekawizwa.

"Karibu, mzee," shemeji alisema. "Leo tunyoe nini?"

"Ndevu. Zote."

"Mbona nyingi hivi? Si nilikunyoa jana tu?"

"Nilikuwa na mawazo mengi."

Hapo shemeji aligeuza kitana upande wa mgongo na kumnyoa mashavu yale yasiyo na hata unywele, akampangusa kwa taulo, akamsifu kwa uvumilivu. Mwisho alimpaka krimu kidogo, tone huku na tone huku, kwa sababu Bosi alishatoa hukumu kwamba bila krimu si kunyolewa. Kisha Bosi alikuja kibarazani nimkague. Nilipitisha kidole kwenye shavu lake na kusema, "Huyu kinyozi anajua kazi." Sijaona mtoto na baba waliopendana kama wale, nami nakiri nilikuwa nawaonea wivu kidogo.

Ugonjwa ulianza kama hasira. Bosi aliacha kuamrisha, akawa analia tu, analia kwa kijiko, analia kwa soksi. Alitoka jasho mpaka foronya ikawa ya kukamuliwa. Viganja na nyayo vikageuka vyekundu, vikawasha, kisha vikaanza kubambuka ngozi. Mwalimu wake alimwambia dada kwamba herufi za mtoto siku hizi zinapanda na kuanguka nje ya mstari, na nyumbani tukaona wenyewe anashika kikombe kwa mikono miwili na bado chai inamwagika. Zahanati wakasema homa, tukatibu homa. Wakasema minyoo, tukatibu minyoo. Wakasema labda sabuni, tukabadilisha sabuni. Dada alikonda kwa mawazo.

Na shemeji, kwa kuwa alimpenda mwanawe na aliiamini kazi yake, akaanza kumpaka krimu kwenye viganja pia. Kama inatibu shingo za wanaume wazima, alisema, itashindwaje na vidole vya mtoto?

Asubuhi moja Bosi alikataa kusimama. Hakuwa na ukaidi hata kidogo, na hilo ndilo lililotutisha. Alilala juu ya mfuko wake wa mataulo na kusema miguu imechoka. Shemeji akambeba mgongoni, tukaenda hospitali kubwa.

Nesi aliyempima presha, msichana mmoja mwenye mwanya na sauti ya kuchangamka, alitazama kipimo, akakigongagonga, akaenda kuleta kingine. Cha pili kikasema yale yale. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa na presha ya mzee. Tukalazwa siku hiyo hiyo.

Daktari wa watoto alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba isianguke. Alishika vile viganja vinavyobambuka, akavigeuza. Kisha akamtazama dada.

"Mama, nyumbani nani anapaka krimu ya kung'arisha ngozi?"

Dada yangu ni mtu wa heshima, lakini hapo alivimba. "Mimi? Nitazame vizuri, daktari. Ngozi hii imechubuliwa wapi?"

"Sijasema ni wewe, mama. Naulizia nyumba nzima."

"Nyumbani kwetu hatujichubui," nikadakia, maana mdomo wangu hauna breki. "Tumeleta mtoto anayeumwa, tunaulizwa habari za urembo!"

Daktari hakukasirika. Aliuliza tena kwa maneno mengine, akaulizia rangi za ukutani, dawa za mbu, kipimajoto kilichovunjika. Shemeji alitikisa kichwa kwa kila swali. Nataka lieleweke: hakudanganya. Kichwani mwake krimu za kujichubua zilikuwa mambo ya wanawake na vioo vyao, na kile kikopo chake kilikuwa dawa ya kazi, sawa na spiriti ya kusafishia wembe. Daktari aliuliza mbele ya watu watatu wazima, na yule mwenye jibu hakujua kama ni yeye anayeulizwa. Mkojo wa mtoto ukachukuliwa kupelekwa maabara ya mbali, tukaambiwa majibu yatachelewa.

Siku zilizofuata, kwa dawa za presha na kuwa mbali na nyumbani, Bosi alipata nafuu kidogo. Alianza kulala. Mchana mmoja wakati wa kuona wagonjwa, sote watatu tukiwa pale, nesi mwenye mwanya alikuja na kipimo chake, na Bosi akamtazama kwa jicho lake la zamani.

"Una ndevu," akamwambia.

"Mimi?" Nesi akajishika kidevu. "Ala! Basi ninyoe, nisije nikafukuzwa kazi."

Bosi akavuta taulo la kitandani akamwekea shingoni. Akachukua kijiko cha dawa, mkono ukitetemeka kiasi kwamba nilitaka kugeuza uso, akaanza kumnyoa. "Tulia, mzee, utakatika." Nesi akatulia kweli kweli, kafumba na macho. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kucheka. Shemeji naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tuingie pale, na macho yamemjaa machozi.

"Haya, nimependeza?" nesi akauliza.

"Bado krimu. Bila krimu si kunyolewa." Bosi akamnyooshea baba yake kiganja. "Baba, nipe ile ya kifuniko chekundu."

"Krimu gani hiyo, bosi wangu?" nesi akauliza.

"Ya dukani kwa baba. Ananipaka kila siku. Na hapa pia," akaonyesha viganja, "ili vipone."

Nesi akafumbua macho. Lile taulo likiwa bado shingoni mwake, akamgeukia shemeji na kuuliza kwa upole sana, "Baba, ni krimu gani?"

"Ni ya kazi," shemeji akasema. "Dawa ya vipele vya ndevu. Inakausha, halafu inatakatisha ile ngozi..." Hakumaliza. Niliona neno lake mwenyewe likimrudia. Aliangalia viganja vyake, akaviweka juu ya magoti, kisha akaviondoa magotini kana kwamba hata magoti yake yangedhurika.

Mimi ndiye niliyekimbia dukani kuleta kikopo. Daktari hakukifungua. Alikitia ndani ya mfuko, akaufunga, mfuko ule akautia ndani ya mwingine. Majibu yalipokuja, ya kikopo na ya mkojo, yalisema kitu kimoja: zebaki, na nyingi.

Daktari alitukalisha chini akatueleza kama wenzake, wala hakutukumbusha jinsi tulivyomjibu. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana shingo za wateja ziling'aa. Huingia mwilini kupitia ngozi. Pia hutoka polepole kwenye chochote kilichopakwa, taulo, foronya, godoro, ikapanda hewani na kuvutwa puani. Mtu mzima anaweza kuipaka muda mrefu na kujiona mzima, huku mtoto wa nyumba hiyo anaumia.

"Lakini mataulo nilikuwa nafua," dada akasema. "Nafua vizuri, daktari."

"Najua, mama. Kufua hakuimalizi. Inahamia tu kwenye nguo nyingine."

Kisha dada akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunaliogopa. "Mikono yake itarudi?"

"Wengi wanarudi. Kuna dawa itakayoishika zebaki na kuitoa na mkojo. Lakini haitafaa kitu kama mtoto atarudi kwenye nyumba ile ile. Chanzo kiondoke. Chote."

Tukawa na kazi ya kufanya, na kusema kweli kazi ilitusaidia. Walikuja maofisa wa afya wawili na mashine ndogo inayonusa hewa. Waliipitisha juu ya kitanda cha dada, namba zikapanda. Wakaipitisha juu ya godoro la Bosi, zikapanda zaidi. Walipoisogeza kwenye mfuko wa mataulo, ofisa alirudi nyuma akatuambia tutoke nje sote na kufungua madirisha. Mle chumbani mtoto alikuwa akichora picha zake kila siku. Kigoda kikaenda. Beseni likaenda. Zikaenda na foronya zangu, rundo zima nililokuwa nimelitunza chini ya kitanda cha mtoto likisubiri mteja, na nilifoka mpaka nikasikika mtaa wa pili. Dada alitaka kuchoma kila kitu uani. Alikuwa ameshashika kiberiti ofisa alipomkamata mkono: ukichoma, mama, mtaa mzima utaivuta. Vitu vilifungwa kwenye mifuko mizito, vikachukuliwa na gari lao. Tukahamia kwa muda chumba cha uani kwa jirani yetu seremala, mpaka mashine iseme nyumba iko safi.

Watu wote wa nyumba tulipimwa. Mimi na dada tulikuwa nayo kidogo. Shemeji alikuwa nayo nyingi, kupita hata mwanawe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kwa miezi kadhaa wembe ulikuwa umelala kwenye droo na wateja wote wananyolewa kwa mashine ya kunyolea. Nilimkuta nyuma ya banda la seremala, ananyoosha mikono mbele yake na kuitazama ikitetemeka.

"Kumbe ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Nilidhani ni uzee, shemeji."

"Uzee gani, na juzi umetununia siku nzima eti tumekukosea rangi ya soksi?"

Alijaribu kucheka, ikashindikana. Dada hakumfokea hata mara moja. Nilingoja, nikijua hasira za dada yangu, lakini alichomuuliza ni kimoja tu, tena kwa sauti ya chini, wakati wanakunja shuka za kuazima. "Na viganjani ulikuwa unampaka kila siku?" Shemeji akajibu ndiyo. Wakaendelea kukunja shuka, wakilia wote wawili.

Baada ya hapo shemeji alitaka kufunga duka kimya kimya na kutafuta kibarua chochote, hata cha kubeba mbao. Dada akamkatalia. "Wateja wako nao wana watoto. Nani atawaambia?"

Basi akaenda kuwaambia. Alichagua siku ambayo benchi hujaa, nami nilikwenda naye, maana nilijua akiachwa peke yake ataanza na hali ya hewa. Dereva wa lori alikuwa kitini, nusu ya ndevu zimeshanyolewa kwa mashine. Shemeji akaizima. Akainua mikono yake juu, palepale mbele ya kioo, ili wote waione inavyotetemeka.

"Jamani, ile krimu ina sumu," akasema. "Imemlaza mwanangu. Mimi mwenyewe ninayo mwilini. Na ninyi nimewapaka kwa mkono huu huu. Nilikuwa sijui, lakini ni mimi niliyewapaka. Nendeni mkapime, nyinyi na watoto wenu, na kama nilimuuzia mtu kikopo akirudishe hapa, asikitupe jalalani."

Kisha zogo likaanza. Mmoja akasema amepaka na hajafa, kwa hiyo ni uvumi. Mwingine akapiga meza: "Pamba! Siku zote hizo unatusifia shingo, kumbe unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa!" Shemeji hakubisha, na mimi niliyemjua kwa ubishi wake nilihisi moyo unanikata. Dereva wa lori ana mtoto mchanga ambaye hulala kifuani kwake kila anaporudi safari, uso umemzama shingoni. Alisimama, akavua kitambaa, akatoka na ndevu zake nusu, moja kwa moja nyumbani.

Kwa siku kadhaa benchi lilikuwa tupu. Shemeji alifagia pasipo na nywele. Kisha watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, huyu na kikopo kwenye mfuko, yule na foronya, mwingine na mkewe mwenye maswali. Vikopo vilivyorudi vilikuwa vingi kuliko alivyowahi kuuza, maana watu walitoa na vya kwao, vya vifuniko vya kila rangi. Maofisa wa afya walikuja kuvichukua na kusambaa mtaani kuuliza zaidi. Mchuuzi wa mkoba hakupita tena, na mpaka leo nikiona mwanamume ana mkoba mweusi begani namfuata hatua mbili tatu, kwa usalama wake namwomba Mungu asiwe yeye.

Dereva wa lori naye alirudi. Upande mmoja ulikuwa msitu, upande wa pili ndevu za siku chache. Akajitupa kitini kikalia.

"Mtoto mzima," akasema. "Walimkuta nayo kidogo, wamesema itatoka yenyewe. Wamesema tumewahi." Akamtazama shemeji kwenye kioo. "Haya, nimalizie. Barabarani polisi wote wananicheka."

Shemeji alivaa glavu, akawasha mashine. Glavu ndizo alizokuwa akivaa sasa, hata kwa kichwa cha kawaida. Alikuwa akinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikapasuka.

Bosi alitoka hospitali akitembea. Alinywa dawa zake kwa malalamiko yenye afya. Ngozi mpya ikafunika viganja, presha ikashuka, na siku aliyoniamuru nisogeze cherehani kwa sababu inampigia kelele, niliingia ndani nikamkumbatia dada. Nyumba ilikuwa imekubaliwa na mashine, tukarudi kwenye kuta zetu zilizopakwa chokaa upya. Kila kitu kilikuwa kinarudi mahali pake isipokuwa kimoja. Shemeji alikuwa hamgusi mwanawe. Aliporudi kazini alimsalimia kwa kichwa tu, tena akiwa mlangoni, mikono nyuma. Akitaka kumpa kitu alikiweka mezani. Tulidhani mtoto hajaona.

Siku moja nashona, akaja akakaa miguuni pangu akiokota vipande vya uzi.

"Mama mdogo, baba kanikasirikia?"

"Kwa nini akukasirikie?"

"Kwa sababu nilimwambia nesi."

Niliacha cherehani. Nilimwambia hapana, nikamwambia mara nyingi, lakini nilimwona hanisadiki, kwa sababu si kwangu alikotaka kulisikia hilo. Shemeji alipotokea jioni nilimkamata nje, kabla hajafika mlangoni, na sikumzungusha. "Shemeji, mwanao anadhani humpendi tena kwa kuwa alisema ukweli hospitalini. Unaogopa mikono yako, nimekuelewa. Sasa ingia ndani ukaogope ukiwa karibu naye."

Alikaa chini kwenye ngazi. Alifunika uso. Nilimwacha, maana kuna wakati hata mimi najua kunyamaza.

Alipoingia alikuta mlango wa chumbani uko wazi. Bosi alikuwa ameketi kwenye kiti kipya mbele ya kioo, nguo ya shule bado mwilini, na taulo jipya shingoni, moja la yale niliyoyapinda mwenyewe. Sijui kama alitusikia. Hakugeuka.

"Baba," akasema kwenye kioo, "ndevu zangu zimeota mpaka zinaniwasha."

Shemeji aliweka mikono nyuma. "Tumefunga, mzee."

"Nangoja tangu hospitali."

Akaenda kunawa. Akanawa, akajifuta, akanawa tena. Akatoa glavu mfukoni mwa koti akaanza kuzivaa.

"Glavu ni za mchinjaji na mkunga," Bosi akasema.

Dada alikuwa mlangoni, mimi nyuma yake. Shemeji alizivua glavu, kidole kimoja kimoja. Akachukua kitana, akakigeuza mgongo, na mkono wake wa kushoto, baada ya muda wote ule, ukashika shavu la mwanawe. Ulikuwa bado unatetemeka, kwa kuwa wake unachelewa kupona kuliko wa mtoto. Ukitazama kwenye kioo ungeona na shavu lenyewe linatikisika.

"Baba, mkono wako unatetemeka."

"Najua, mama."

"Wangu nao ulikuwa hivyo." Akauinua mkono wake wa kulia mbele ya kioo, vidole vimenyooka, akaushikilia hapo auone. Ulikuwa umetulia tuli. "Unaona? Utapona. Ila dawa usiiteme."

Kisha akamshika baba yake kiwiko kwa mikono yote miwili, akakikaza ubavuni mwake kisitikisike, na hivyo ndivyo alivyonyolewa, mteja akimshikilia kinyozi. Shemeji alimnyoa mashavu yote mawili na chini ya kidevu. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa kazini.

"Haya," akasema alipomaliza. "Krimu hatuna, mzee."

Bosi alifikiri. Kutoa hukumu mpya si jambo la haraka.

"Basi maji," akasema.

Akapakwa maji, tone huku na tone huku. Kisha akashuka kitini, akaja kibarazani na taulo lake shingoni, akaninyooshea shavu. Nikapitisha kidole. Nikamwambia huyu kinyozi anajua kazi, na yeye akajibu kwamba anajua, ila asimamiwe.